Filamu Inayojitazama: William Greaves na Maasi ya Central Park



Filamu ninayokusudia kuizungumzia jioni hii ilipigwa katika majira ya joto ya mwaka 1968, kwenye bustani ya Central Park jijini New York. Ina urefu wa dakika 75 hivi. Haina kisa kinachoanza kikaisha, haina shujaa, na wahusika wake wakuu ni mume na mke wanaogombana kwa maneno yale yale, tena na tena, bila kufika popote. Jina lake ni refu na gumu kutamka: Symbiopsychotaxiplasm: Take One. Ilipokamilika haikupata msambazaji, ikakaa takriban miaka ishirini bila watu kuifahamu. Leo imo katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi kama urithi wa taifa. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi chache za sinema ambazo, mtu akishaziona, hatazami tena filamu nyingine kama alivyozoea.

Nimeichagua kwa sababu kuna imani iliyoota mizizi madarasani na katika mazungumzo ya vijana wanaotengeneza filamu, kwamba filamu inayoonyesha kamera yake, taa zake na mafundi wake ni ya kweli kuliko ile inayovificha. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Kuonyesha kamera ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuonyesha madaraka yaliyo nyuma ya kamera: nani ana kauli ya mwisho, nani alimpinga, na pingamizi lile lilitupwa au lilihifadhiwa. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na shahidi wangu ni William Greaves.

Greaves alizaliwa Harlem mwaka 1926, mtoto wa wahamiaji kutoka Karibi. Baba alitoka Barbados, mama Jamaika. Alianza na ngoma. Alicheza katika kikundi cha Asadata Dafora, msanii wa Sierra Leone aliyezipeleka ngoma za Afrika Magharibi kwenye majukwaa ya New York. Kisha akawa mwigizaji, akajiunga na Actors Studio, akaonekana katika filamu ya Lost Boundaries ya mwaka 1949. Alikuwa na sura, sauti na mafunzo ya kumfikisha mbali. Lakini nafasi walizopewa waigizaji weusi zama zile zilikuwa za watumishi, wachukuzi na watu wa kuchekwa, naye hakukubali kuutweza utu wake kwa ajili ya mshahara. Mwaka 1952 akahamia Kanada, akaingia National Film Board na kujifunza kazi tangu chini: kukata mikanda, kupanga sauti, kuandika, kuongoza. Kule filamu za hali halisi zilikuwa zikibadilika haraka, kamera zikitoka studioni na kuwafuata watu kazini na mitaani, na mwaka 1959 alitengeneza filamu ya Emergency Ward ndani ya chumba cha dharura cha hospitali. Aliporudi Marekani katika miaka ya 1960 alikuwa fundi aliyekomaa. Mwaka 1966 alikuwa Dakar, akiipigia filamu sherehe kubwa ya kwanza ya sanaa za watu weusi duniani, ile iliyoandaliwa chini ya Rais Léopold Sédar Senghor.

Nayataja haya kwa makusudi. Anayeitazama filamu ya Central Park bila kuyajua anaweza kumdhania mwongozaji wake kuwa mtu asiyejua kazi. Ndivyo walivyoanza kumdhania hata baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi naye.

Fedha za kuanzia zilitoka kwa mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake wa uigizaji, ambaye sasa alikuwa na uwezo na akamwachia mwalimu wake atengeneze atakacho. Uhuru wa namna hiyo ni nadra sana. Greaves angeweza kuutumia kutengeneza filamu nadhifu ya kumfungulia milango. Yeye aliwaita waigizaji bustanini, akawapa ukurasa wa majibizano, akawaambia kwamba hili ni zoezi la kuwapima. Majibizano yenyewe ni ugomvi wa ndoa. Alice anamlaumu mumewe Freddy kwa kumfanya atoe mimba moja baada ya nyingine, na anamtuhumu kwamba anapenda wanaume wenzake. Freddy anakana, anapoza, anakwepa. Wanatembea chini ya miti, wanasimama, wanaanza upya. Jozi kadhaa za waigizaji zilipewa maneno hayo hayo, nyingine za weupe watupu, nyingine mweusi na mweupe. Katika sehemu hii ya kwanza, jozi tunayokaa nayo zaidi ni Patricia Ree Gilbert na Don Fellows.

Halafu ukaja mpango wa kamera, na hapa ndipo filamu inapozaliwa. Kamera ya kwanza iwatazame waigizaji. Ya pili iwatazame wanaowapiga picha waigizaji. Ya tatu iwatazame wote hao pamoja na kila kinachojiri pembeni: vijana waliokaa kwenye nyasi, wapita njia, askari polisi. Greaves mwenyewe anaonekana akiwaeleza mafundi wake mgawanyo huo, na maelezo hayo yamo ndani ya filamu. Mara skrini inagawanyika vipande viwili, mara vitatu. Huku ugomvi unaendelea, kule unaona mkono ulioshika kipaza sauti, nyuso za wanaosubiri, mwongozaji anayetabasamu bila sababu inayoeleweka. Askari aliyepanda farasi anasogea kuuliza kibali cha kupiga picha. Katika filamu ya kawaida dakika hiyo ingekatwa. Hapa imebaki, tena inakamata macho kuliko ugomvi wa Alice na Freddy, maana askari hajui kuigiza na hana haja ya kumfurahisha mtu.

Greaves alikuwa amesoma sayansi kabla ya kupanda jukwaani, na hakuisahau. Alivutwa na fundisho la Werner Heisenberg kuhusu chembe ndogo kabisa za maada, ambazo chombo cha kuzipimia huzisumbua. Akaihamishia fikra hiyo kwenye kazi yake. Mtu akijua anapigwa picha hubadilika: sauti, mabega, hata namna ya kunyamaza. Mtengenezaji wa kawaida huhangaika kuyafuta mabadiliko hayo ili mtazamaji asahau kwamba kuna kamera. Greaves aliamua kuyapiga picha mabadiliko yenyewe, na kwa kuwa anayeyapiga picha naye hubadilika, akaweka kamera ya kumtazama huyo pia. Kutoka kwenye jazi alichukua jambo la pili. Wapiga jazi hupokezana wimbo mmoja, kila mmoja akiupindua kwa namna yake, na utamu uko katika tofauti za mikono. Ugomvi wa Alice na Freddy ndio wimbo huo. Muziki tunaousikia katika filamu ni wa Miles Davis, na haukuwekwa kwa urembo.

Jina la filamu alilitoa kwa Arthur Bentley, mwanafikra wa Marekani aliyetafuta istilahi moja ya kutaja watu pamoja na vyote vinavyowazunguka na kuathiriana nao, naye akachomeka humo habari ya nafsi. Tuliache jina, tuwaangalie watu.

Jambo moja la kiufundi lazima niliseme, hasa kwa vijana waliokulia kwenye kamera za simu. Filamu hii ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16. Mkanda wa futi 400 unapita kwenye kamera kwa dakika kama 11, kisha umekwisha. Lazima kamera ifunguliwe, mkanda mpya uvishwe, na kila mmoja asubiri. Mkanda ulikuwa ghali kuununua na ghali kuusafisha maabara. Fundi aliyeona kamera tatu zikimeza mikanda kwa ajili ya maneno ambayo hayakumwingia akilini alikuwa na sababu halali ya kukasirika. Alikuwa akiona fedha, jasho na siku za watu vikienda, na mkuu wa kazi hasemi vinakwenda wapi.

Wakakasirika. Wakafanya jambo ambalo silijui kutokea kwa namna hiyo katika filamu nyingine yoyote: walikusanyika wenyewe chumbani, bila mwongozaji, wakawasha kamera na kinasa sauti, wakamjadili.

Mazungumzo yale ndiyo moyo wa filamu. Wamekaa wamebanana chumba kimoja, sigara mkononi. Mmoja anasema Greaves hajui aendako. Mwingine anasema maneno waliyopewa waigizaji ni mabovu na hakuna wanandoa wanaozungumza hivyo. Wa tatu anamtetea kidogo: labda kuna kitu anakitafuta ambacho hawajakiona. Bob Rosen, meneja wa uzalishaji, anajaribu kuchambua kwa utulivu, Jonathan Gordon, fundi sauti, anasema bila kumung'unya maneno. Wanarudi kwenye suala lile lile kwa njia tofauti: je, mtu huyu ameshindwa, au anaigiza kushindwa? Ikiwa anaigiza, sisi ni nani katika igizo lake? Katikati ya hayo mmoja wao anawaza kwa sauti kwamba mtazamaji hana namna ya kujua kama mkutano huu ni wa kweli. Pengine Greaves yuko nje ya mlango, anauongoza.

Mtazamaji anapofika hapo hana pa kushika. Ukisema mkutano ni halisi, umeamini neno la watu walio mbele ya kamera. Ukisema umepangwa, umempa mwongozaji uwezo wa kupanga hata hasira za wenzake. Sinema hutuzoesha kuwa na uhakika wa kile tunachokiona, na hapa uhakika huo umenyang'anywa na watu wa sinema wenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ujanja wowote wa picha.

Ukweli unaojulikana sasa ni kwamba Greaves hakuuitisha mkutano ule. Upigaji ulipomalizika, mafundi walimkabidhi mikanda. Angeweza kuichoma, ilimdhalilisha, na ilikuwa mali yake. Aliichukua akaiweka ndani ya filamu, bila sauti ya msimulizi ya kujitetea. Baadaye alieleza mara nyingi kwamba alikuwa akiingoja hali kama ile. Alijifanya mzito wa kufahamu ili wenzake wafike mahali pa kuasi. Maelezo yake ya kazi, yaliyokuja kuchapishwa, yanaonyesha kwamba machafuko yalikuwa sehemu ya mpango. Ila kuingoja mvua si kuinyesha. Hakujua nani angesema nini, wala maneno yangemchoma kiasi gani.

Kuna tukio jingine, kwenye nyasi, kikosi kizima kimekaa kumzunguka. Wanamkabili ana kwa ana. Wanamwambia skripti haifai. Naye anawajibu, kwa utulivu unaokera, kwamba maneno si hoja. Hoja ni kama wao wanaweza kuleta yaliyo bora zaidi. Anawaambia kwamba uasi wao unafanana na ule unaotikisa nchi nzima, na kwamba yeye pale bustanini ndiye anayesimama mahali pa wenye mamlaka.

Tuukumbuke mwaka wenyewe. Martin Luther King aliuawa mwezi wa Aprili 1968, Robert Kennedy mwezi wa Juni. Miji ilikuwa imeungua. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea na vijana wa vyuo walikuwa mitaani. Katika hali hiyo, mtu mweusi ndiye mkuu wa kikosi ambacho wengi wake ni weupe, na wanamwasi, na anawaambia: mimi ndiye serikali, nipindueni. Wachambuzi wengi wa filamu hii wameandika juu ya kamera tatu na skrini iliyogawanyika, wakalipita jambo hili mbio. Kwangu mimi ndilo la kwanza. Mtu aliyekataa kuigiza mjinga kwa ajili ya watu weupe katika miaka ya 1950 sasa anajifanya mjinga mbele ya kamera zake mwenyewe, kwa hiari yake, akijua vizuri kwamba wapo watakaouchukulia ujinga ule kuwa tabia ya watu wa rangi yake. Alihatarisha jina lake. Mwongozaji mweupe aliyefanya mchezo huo angeitwa mjanja tangu siku ya kwanza.

Mwaka ule ule Greaves alikuwa pia kwenye televisheni. Kipindi cha Black Journal, kilichoanza Juni 1968 kwa ajili ya watu weusi wa Marekani, kilikuwa kikiongozwa na mtayarishaji mweupe. Mwezi wa Agosti wafanyakazi weusi waligoma, wakidai kwamba kipindi kinachojitangaza kuwa chao kiongozwe na mtu wao. Mgomo ukafaulu, na aliyepewa uongozi ni Greaves. Mwaka 1970 kipindi hicho kilitunukiwa tuzo ya Emmy. Kwa hiyo katika majira yale yale mtu huyu mmoja aliingizwa ofisini na mgomo, na bustanini akawa anawachokoza wenzake wamgomee. Siamini kwamba mambo hayo mawili hayakuwa yakizungumza ndani ya kichwa chake.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu, maana mtu makini atanisimamisha hapa. Atasema: lakini mwenye kisu cha uhariri alikuwa Greaves. Waasi walisema, yeye akachagua kipi kisikike. Uasi uliokatwa na kuunganishwa na mkuu aliyeasiwa umekuwa pambo lake.

Pingamizi hilo ni la haki na silipuuzi. Ndilo linalonifanya niikatae ile imani niliyoitaja mwanzoni. Hakuna kiasi cha kamera kitakachomaliza kazi ya kuonyesha utengenezaji, kwa sababu nyuma ya kamera ya tatu kuna chumba cha uhariri, na katika chumba hicho hatumwoni mtu. Dziga Vertov alilijua hilo mapema. Katika filamu yake ya mwaka 1929, ile ya mtu mwenye kamera, hakumwonyesha mpigapicha peke yake, yaani ndugu yake Mikhail Kaufman akipanda madaraja na majengo. Alimwonyesha pia mhariri, Elizaveta Svilova, mke wake, amekaa mezani na vipande vya mkanda. Farasi anakimbia, ghafla anasimama hewani, picha inakuwa kipande kimoja kati ya vipande vingi mkononi mwa Svilova. Kisha nyuso za watoto zilizokuwa zimelala kwenye mkanda zinaamka na kucheka. Sijaona mahali pengine ambapo kazi ya mhariri imeheshimiwa namna hiyo. Lakini hatumsikii Svilova akimwambia Vertov kwamba amekosea. Filamu ile ni sifa za kazi, na mitambo yote inazunguka kwa furaha. Ugomvi haumo.

Jean Rouch na Edgar Morin walikwenda hatua moja mbele. Mwaka 1960 waliwauliza watu wa Paris kuhusu furaha yao, na maisha yao yalivyo. Vita vya Algeria na machafuko ya Kongo yakaingia kwenye mazungumzo, ambayo walishiriki pia vijana wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Ufaransa. Filamu ikatoka mwaka 1961. Kabla ya kuimaliza waliwakusanya wahusika, wakawaonyesha picha zao, wakapiga picha jinsi walivyozipokea. Wengine walisema ni kweli tupu, wengine wakasema ni uongo, wengine wakaona ni aibu. Hilo lilikuwa pingamizi la kweli, nalo limehifadhiwa. Lakini mwisho wa filamu Rouch na Morin wanatembea wawili peke yao katika Musée de l'Homme, wakipima walichofanikiwa na walichoshindwa. Neno la mwisho ni la mabwana wenye kazi.

Greaves hakujipa neno hilo. Karibu na mwisho wa filamu yake anatokea Victor, mzee asiye na makazi anayelala bustanini humo humo, msomi aliyeanguka, mlevi kidogo, ana ufasaha na ghadhabu. Anawauliza wanafanya nini na vyombo vyote hivyo. Anawaeleza habari za mji, za fedha, za kutupwa. Filamu inamsikiliza kwa muda mrefu. Mtu ambaye hakuwemo kwenye skripti, hakulipwa kuigiza, na ambaye bustani ile ni nyumba yake, ndiye anayewahoji waliokuja kuitumia. Kwa hiyo jibu langu kwa mpinzani wangu ni hili: ndiyo, kisu kilikuwa mikononi mwa Greaves, tumhukumu kwa alichokiacha kwa kisu hicho. Aliyaacha maneno yaliyomuumiza. Kwangu uaminifu wa msanii unapimwa hapo.

Simsifu kwa kila kitu. Ugomvi wa Alice na Freddy una maneno machafu juu ya mashoga, na Alice amechorwa kama mwanamke wa kupiga kelele tu. Mafundi walikuwa na haki kulalamika. Tena waigizaji, ambao ndio waliobeba maneno hayo mbele ya umati, hawakupata chumba chao cha kukutana na kamera yao ya kumjadili mkuu. Wenye vyombo waliasi kwa vyombo. Waliokuwa na miili na sauti zao tu waliendelea kurudia. Kila ninapoitazama, namfikiria Patricia Ree Gilbert, akitafuta ukweli ndani ya sentensi ambazo kila mtu aliyemzunguka alikwisha kuzikatia tamaa. Filamu inayochunguza madaraka kwa makini kiasi hiki ilipaswa kuliona hilo.

Kwetu sisi, wasomaji wa Kiswahili, fikra ya kazi ya sanaa inayojifunua si ngeni. Ebrahim Hussein, katika Mashetani ya mwaka 1971, anaanza kwa kuwaweka vijana wawili, Juma na Kitaru, wakicheza mchezo wa shetani na binadamu ndani ya tamthilia. Sisi watazamaji tunajua ni mchezo, nao wanajua. Kisha mchezo unamganda Kitaru. Anaugua, anashindwa kutoka ndani yake. Hussein alielewa kwamba kumwambia mtu "hili ni igizo" hakumkingi na nguvu ya igizo. Ningependa kuona filamu ya Kiswahili inayolibeba jambo hilo kwa uzito huo.

Nasema hivyo kwa sababu ninachokiona sasa ni kingine. Filamu na video za muziki zinatoka Dar es Salaam na Nairobi kila wiki, na karibu kila moja ina vipande vya "nyuma ya pazia" mtandaoni. Tunaona kamera, tunaona taa, tunaona msanii akipakwa vipodozi, direkta akipiga makofi. Vyote hivyo ni tangazo. Humwoni kameraman akimwambia direkta kwamba tukio halina maana. Humsikii mwigizaji wa kike akikataa maneno aliyoandikiwa, wala kijana wa taa akiuliza malipo ya mwezi uliopita. Kamera imeonyeshwa na madaraka yamefichwa kuliko hata pale kamera ilipokuwa haionekani, kwa sababu mtazamaji sasa anaondoka akiamini ameshaona kila kitu.

Yaliyoipata filamu ya Greaves baadaye ni mafupi kusimulia na machungu. Yeye mwenyewe alieleza kwamba nakala yake ilipoonyeshwa kwa waliokuwa wakichagua filamu za Cannes, mikanda ilichanganywa mpangilio wake, na kazi ambayo tayari ilikuwa ngumu kufuata ikawa haifuatiki kabisa. Haikuchaguliwa. Mikanda ya jozi nyingine za waigizaji, ambayo alikusudia kutengenezea filamu zaidi, ikabaki ghalani. Yeye akaendelea na kazi nyingine: filamu juu ya Ida B. Wells mwaka 1989, filamu juu ya Ralph Bunche mwaka 2001, na nyingine nyingi. Mwaka 1991 jumba la makumbusho la Brooklyn liliandaa maonyesho ya kazi zake, na filamu ya Central Park ikatolewa gizani. Mwaka uliofuata ilionyeshwa Sundance, mwigizaji Steve Buscemi akaiona, akawa mtetezi wake. Steven Soderbergh akaungana naye. Kwa msaada wao Greaves aliweza kukamilisha sehemu nyingine, Symbiopsychotaxiplasm: Take 2½, iliyotoka mwaka 2005. Humo Audrey Henningham na Shannon Baker, waliokuwa vijana mwaka 1968, wanarudi bustanini wakiwa watu wazima. Louise Archambault Greaves, mke wake na mshirika wake wa kazi kwa miongo yote hiyo, anastahili kutajwa hapa. Bila yeye hifadhi ile ya mikanda ingekuwa imepotea. Greaves alifariki Agosti 2014, akiwa na miaka 87. Filamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa mwaka uliofuata.

Ndugu wanafunzi, mnaoanza kazi hii mna kamera mfukoni, na mkanda wenu haukwishi baada ya dakika 11. Nina ombi moja kwenu. Katika kazi mtakayoifanya muhula huu, mpeni mtu mmoja wa kikosi chenu kamera ya pili, mruhusuni akusanye malalamiko ya wenzake bila direkta kuwapo, kuanzia kwa waigizaji, na muahidi kabla ya kuanza kwamba sehemu ya malalamiko hayo itaingia katika filamu itakayoonyeshwa. Msikate yale yatakayowauma. Mwisho wa muhula nitakuja kuzitazama zote.